Mkono wa Mutua na Mshipi wa Jodari

Wanangu, tangu Ramadhani iishe hamnipi hata nafasi ya kuvaa viatu vyangu nje ya msikiti. Kila mmoja ananijia na salamu yake, lakini mwisho ni uleule: Mzee Hamza, tufundishe kumvua jodari. Nimesikia mmekodi boti mara tatu mkaenda bahari kuu, na mara zote tatu mmerudi Hyattsville na samaki wa dukani ili wake zenu wasiwacheke. Basi nimekubali. Ninaandika kwa Kiswahili, na asiyeweza kukisoma amwombe mama yake amsomee. Kiingereza changu nilikiokota botini, na si Kiingereza cha kusomwa na mama wa mtu.

Mambo makubwa ya jodari ni mawili: jinsi ya kumpata, na jinsi ya kumshika akishafika ubavuni mwa boti. La kwanza atakufundisha yeyote. La pili lilimkosesha mtu vidole vitatu vya mkono wa kulia, na mimi ndiye niliyemfundisha. Jina lake ni Mutua. Baadhi yenu nimewahi kuwasimulia habari zake nikasema alikosea mwenyewe. Nilisema uongo. Leo nitaeleza ilivyokuwa, ila mniache nizunguke kidogo kwanza, maana huko siwezi kufika kwa kwenda moja kwa moja.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea kwisha nilikuwa napara samaki sokoni, pale ukingoni mwa mto mjini Washington. Nimezaliwa Pangani, kisu na samaki nilivikuta nyumbani. Siku moja akaja mzungu mrefu asiyependa maneno, akasimama mbele ya meza yangu kama dakika kumi akinitazama ninavyotenganisha nyama na mfupa. Huyo ndiye Kapteni Roy. Alikuwa na boti ya kuwapeleka matajiri kuvua kwa starehe. Aliniuliza kama huwa natapika baharini. Nikamjibu kwamba mtu hatapiki kwao. Wiki iliyofuata nilikuwa mfanyakazi wa boti.

Boti ilikaa katika bandari ndogo ya pwani ya Maryland, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Hyattsville, na ukishapanda ni saa nyingine tatu za injini mpaka ufike anakopita jodari. Ninayemsema si yule jodari mdogo wa kwetu wa kukaanga. Huyu wa huku ana mapezi ya buluu, na akikua anakuwa mzito kuliko watu wawili wazima. Wateja wetu walikuwa watu wa maofisi ya Washington. Walikuja asubuhi na kofia safi, na wakirudi jioni wananuka kama sisi na kutuita kaka.

Kosa langu la kwanza nitawaambia mcheke. Siku ya kwanza tulipompata mkubwa, kapteni alinipa kisu akaniambia nimtoe damu upesi. Mimi nikacheka moyoni. Samaki hachinjwi, hilo hata mtoto wa chuoni anajua, samaki akitoka majini ameshakuwa halali. Nikajua mzungu huyu hana habari. Akarudi kwenye usukani, nami nikamfunika samaki na gunia nikaendelea na shughuli nyingine. Tulipofika gatini na kumpasua, nyama ilikuwa imepauka na kuwa na uchachu, kama iliyochemshwa kisha ikasahauliwa. Mnunuzi aliigusa kwa kidole kimoja akaondoka. Kapteni hakunifokea. Aliniita, akauweka mkono wangu ndani ya tumbo la samaki, na saa zote zile baada ya kufa bado mlikuwa na moto.

Jodari huyu, wanangu, damu yake ni ya moto. Akipigana saa nzima mwili wake unachemka, na usipomtoa damu anajipika mwenyewe kwa ndani. Kwa hiyo akipanda tu, pima upana wa kiganja nyuma ya pezi la ubavuni, kata mstari usiozidi kina cha kifundo cha kidole, halafu geuza ubavu wa pili ufanye vivyo hivyo. Mwagia maji ya bahari mpaka yatoke meupe. Toa matumbo, jaza barafu tumboni, mfunike na blanketi lililolowa, na jua lisimguse tena. Huko si kuchinja, ni kumpoza. Nilipolielewa hilo nikawa bingwa wa kisu, na kapteni akawa ananisifu kwa kila mteja: huyu amezaliwa na mshipi mkononi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kuamini kwamba la damu ndilo pekee ambalo wazungu wangenifunza.

Mutua alikuwa mwenzangu wa nyumba pale Hyattsville. Mkamba wa Machakos, mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, mpole, mikono mikubwa. Mchana alisomea uuguzi, na jioni alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwageuza vitandani. Kijiji kizima kilimfanyia harambee aje huku. Mama yake alikuwa mjane, ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango kuomba, huyu akatoa kuku, yule mbuzi. Mutua alilijua hilo kila asubuhi akiamka. Aliniambia kwamba akipata cheti chake atarudi kufungua zahanati, na wale waliotoa kuku watadungwa sindano bure mpaka wachoke.

Alikuja botini kwa sababu msaidizi wa pili wa kapteni aliondoka ghafla, na mimi nikasema ninaye mtu mwenye nguvu, Jumamosi na Jumapili yuko huru. Mutua hakuwahi kuikaribia bahari isipokuwa kuiona kwa dirisha la ndege. Siku ya kwanza alikuja na mkungu mzima wa ndizi mbivu, kwa kuwa alilelewa asiende kwa mtu mikono mitupu. Kapteni alizitazama zile ndizi, akazinyanyua, akazitupa baharini bila kusema neno. Mutua aliduwaa. Aliona ametukanwa yeye na mama yake. Baadaye ndipo nikamweleza kwamba mabaharia wa huku wanaamini ndizi zinafukuza samaki, wanaziogopa kama sisi tunavyoogopa bundi juu ya paa. Siku hiyo hatukupata hata mkia, na kapteni alimtazama Mutua mpaka jioni. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu akaanza kutapika, nikacheka tena.

Sasa niwape mnachokitaka. Msiende tu huko baharini mkatupa mishipi mkaomba dua. Tafuteni mahali maji yanapobadilika. Kuna mstari, upande mmoja kijani, upande mwingine buluu ya wino, na majani na takataka zimejipanga hapo katikati. Pima joto la maji pande zote mbili. Pakitofautiana, hapo ndipo penye chakula, na penye chakula ndipo penye jodari. Tazameni ndege pia. Ndege anayezunguka juu anatafuta, hajui zaidi yenu. Ndege anayejitupa majini, mfuateni.

Kuna kuvua kwa kukokota. Chambo chetu kilikuwa samaki mwenye mdomo wa sindano, ndugu yake chuchunge wa kwetu. Mminye tumbo litoke uchafu, mvunje uti wa mgongo kidogokidogo kwa vidole mpaka alegee kama kitambaa, umtie ndoano kwa ndani, halafu mfunge mdomo kwa waya mwembamba. Akifungwa vibaya atazunguka majini kama pia, na jodari si mjinga. Akifungwa vizuri anaogelea kama aliye hai. Kazi hii Mutua alinishinda katika wiki ya tatu tu. Alikuwa akiwafunga wale samaki kwa upole uleule aliowafungia wazee wake bandeji, na chambo chake hakikuzunguka hata siku moja. Kapteni akawa anamwita yeye, haniiti mimi. Nilisema ninafurahi.

Na kuna kuvua kwa vipande, boti ikiwa imezimwa inaelea. Unakata samaki wadogo vipande, unatupa kimoja, unakitazama kikizama mpaka kipotee, ndipo unatupa kingine. Usitupe viwili pamoja. Mkiwashibisha jodari hawatagusa ndoano. Ndoano uifiche ndani ya kipande kimoja, na mshipi uutoe kwa mkono taratibu, ili chambo chako kizame kwa mwendo wa vingine. Ukiuzuia kidogo tu, chako kitabaki nyuma ya wenzake, na jodari ataona kuna ujanja. Haraka ndiyo inayowarudisha nyinyi na samaki wa dukani.

Jodari akishakula, mteja anakaa na fimbo yake na ile rili kubwa, gurudumu la kukunjia mshipi, anapigana naye. Hiyo ni kazi ya mteja na jasho lake. Kazi yetu inaanza samaki anapofika karibu. Mwisho wa mshipi, kabla ya ndoano, huwekwa kipande kirefu cha mshipi mnene kama njiti ya kiberiti. Huo hauingii kwenye rili. Mtu anaushika kwa mikono yenye glavu nene, anauvuta, na mwenzake anangoja na kulabu. Mtu huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote botini.

Kapteni alitufunza hivi. Magoti yakazwe chini ya ukingo wa boti. Mshipi uuzungushe mara mbili tu kwa nje ya kiganja, mzunguko mmoja pembeni ya mwingine, usipandane, ubanwe na vidole. Jodari akigeuka ghafla unafungua vidole, nao unatoka wenyewe. Ule unaouvuta udondoke majini, usiukanyage wala usiulaze miguuni. Hivyo tu. Ni njia ya kumshika samaki huku uko tayari kumwacha.

Kwetu hatukushika hivyo. Marehemu baba yangu alinifunza kuuzungusha mshipi mkononi na kuupitisha chini ya mzunguko wake wenyewe karibu na kidole gumba, ujikaze. Samaki akivuta, unakaza zaidi, hauponyoki. Kwa kolekole na nguru ilikuwa sawa. Samaki wa kwetu akikuzidi sana atakukata ngozi utie ndimu. Katika ile boti mimi mwenyewe sikuwahi kuitumia, maana kapteni alinikataza siku ya kwanza tu. Lakini moyoni nilijua yetu ndiyo njia ya wanaume.

Mwisho wa kiangazi Mutua alipewa mshipi kwa mara ya kwanza. Alizungusha kama alivyoonyeshwa na kapteni, samaki akageuka, Mutua akafungua vidole, samaki akaenda akakata mshipi chini ya boti. Alifanya sawasawa. Mteja aliguna. Kapteni alimpiga Mutua begani, akamwambia vizuri, vidole vyako bado unavyo. Lakini Mutua alilisikia lile guno tu. Njia nzima ya kurudi Hyattsville alitazama nje ya dirisha.

Nyumbani, tukiwa jikoni, akaniuliza. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Bwana Hamza, ile style yenu ya coast, ile haiachilii samaki. Si uni-teach?"

Ningeweza kumwambia ile si ya samaki huyu. Nilijua. Lakini wiki nzima kapteni alikuwa akimsifu yeye na chambo chake, na hapa ameniuliza mimi kitu ambacho mimi ndiye nikijuacho. Nikachukua kamba, nikaifunga kwenye mpini wa mlango wa jokofu, nikamzungushia mkononi, nikaipitisha chini karibu na gumba, nikamwambia avute. Jokofu likafunguka, maziwa yakamwagika sakafuni, tukacheka sote wawili. Akarudia mpaka nikaridhika. Nikamwambia sasa umekuwa mtu wa pwani.

Mwezi wa kumi, siku ya baridi yenye upepo mdogo, tulimpata samaki mkubwa. Mteja, daktari wa meno mnene mwenye roho nzuri, alipigana naye saa moja na nusu. Samaki alipokaribia, kapteni aliniita nishike mshipi. Mimi nikasema mpe Mutua, yuko tayari. Nilisema hivyo mimi, hakuna aliyenilazimisha. Nikashika kulabu nikasimama kushoto kwake.

Mutua aliuzungusha kama nilivyomfunza, akaupitisha chini, akakaza. Akavuta mara mbili, mara tatu, nikaona ubavu wa samaki unang'aa chini ya maji. Kisha jodari akaiona boti akageuka. Hapo Mutua alifungua vidole. Wanangu, hili ndilo nimelificha. Alivifungua vyote vitano, wazi kabisa, kwa wakati wake, kama kapteni alivyomwonyesha. Nilimwona kwa macho yangu. Mkono ulikuwa wazi na mshipi haukutoka, kwa sababu ulikuwa umejifunga wenyewe. Alivutwa kifua kikagonga ukingo, miguu ikaacha sakafu. Nilitupa kulabu nikachomoa kisu nikaukata. Mtu hakwenda baharini. Vidole vitatu vilikwenda, cha shahada, cha kati na cha pete.

Yeye ndiye aliyetuambia la kufanya. Alikaa juu ya sanduku la barafu, akasema funga taulo hapa, bana, inua mkono upite moyo. Sauti yake haikutetemeka. Kapteni aliita msaada kwa redio akageuza boti, na gari la wagonjwa lilikuwa likitungoja gatini. Lakini kufika gatini ni saa tatu. Katikati ya safari kapteni alimwachia daktari wa meno usukani, akaja nyuma. Alikiokota kile kipande cha mshipi, akakitazama kilivyojikunja. Akaniuliza, nani alimfunza kuzungusha hivi?

Mutua alikuwa hatua moja kutoka kwangu, ananitazama.

Nikasema nilimfunza vizuri, yeye ndiye amekosea kufunga, ni mtu wa bara.

Mutua aliinamisha kichwa. Akamwambia kapteni kwamba ni kweli, alichanganya. Kapteni hakuuliza tena. Nami nikashusha pumzi, nikajisemea moyoni, muungwana huyu, amenisitiri.

Siku zote alizokaa hospitali nilimpelekea supu. Nilimletea na redio. Kila siku nilitoka nyumbani nimelipanga neno langu, na kila siku nilirudi nalo. Yeye hakunilaumu, nami nilichukulia kwamba ameamua tusilitaje. Akaacha chuo. Alisema mwenyewe kwamba muuguzi wa mkono ule atamgeuza mgonjwa gani. Kabla ya Krismasi nilimpeleka uwanja wa ndege, na njia nzima nilizungumzia foleni ya magari. Tuliagana. Alinipa mkono wa kushoto.

Nilimpigia simu mara mbili kwa zile kadi za kukwangua. Tuliulizana hali ya hewa. Mara ya tatu nilikwangua kadi, nikaiweka mezani, na sikupiga.

Nikaendelea na kazi miaka mingi. Kapteni Roy alizeeka, boti ikabadilishwa, mitambo ya kuwaona samaki chini ya maji ikawa ya rangi na kelele nyingi, jodari wenyewe wakawa wa kuhesabiwa kwa sheria, huyu chukua, huyu rudisha. Niliwafunza vijana wengi kushika mshipi mnene, na hakuna hata mmoja aliyeumia. Aliyejaribu kuufunga nilimpiga mkono. Wakiniuliza kwa nini nimekuwa mkali hivyo, nilisema kulikuwa na Mkenya mmoja, mtu wa bara, aliyekosea. Kila nilipolisema lilizidi kuwa rahisi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipita miaka ishirini na ushei.

Magoti yaliponikataza boti, nilikwenda nyumbani Pangani kwenye harusi ya mpwa wangu. Harusi ilipokwisha sikurudi moja kwa moja. Nilipanda basi mpaka Nairobi, kisha Machakos, nikauliza. Si vigumu kumpata mtu anayetambulika kwa mkono wake. Ana duka la dawa za mifugo. Aliniona nimesimama mlangoni, akatoka akanikumbatia, akaniita mzee wangu. Alikuwa na mvi. Tulikwenda kwake, mkewe akatupa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukala. Mama yake alikuwa ameshafariki, nikampa pole.

Nilianza kwa kumshukuru. Nilimwambia, Mutua, asante kwa kunisitiri siku ile mbele ya kapteni.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Kukusitiri aje, mzee? Mimi ndiye nilikosea. Wewe ulini-teach poa. Hiyo kitu nimeifikiria miaka yote, ni wapi nilikosea."

Akainuka, akachukua kamba ya kufungia magunia, akaizungusha kwenye kile kilichobaki cha mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto. Akaniuliza kama aliipitisha juu ama chini, kwa sababu hilo ndilo hakuwahi kuwa na uhakika nalo. Na mbele ya macho yangu akaifunga. Hakukosea hata kidogo. Ilikuwa kama ya marehemu baba yangu.

Niliishika mikono yake yote miwili, nikamwambia alifunga sawa siku ile. Alifunga nilivyomfunza. Mafunzo ndiyo yaliyokuwa mabaya, nami nilijua, na nikamwambia kapteni uongo yeye akisikia. Kwa miaka yote ile nilidhani anaujua ukweli na ananiheshimu tu. Kumbe aliniamini.

Aliifungua ile kamba, akaikunja.

"Nilipofika nyumbani," akasema, "mama aliita wale wote walichanga. Nikasimama mbele yao nikawaomba msamaha. Nikasema nilikuwa mzembe. Mama alienda akijua hivyo."

Nililia, wanangu. Sioni haya kuwaambia. Yeye hakulia. Akamwita mkewe na binti yake wa sekondari, wakaja wakakaa. Akaniambia nirudie, kwa sababu na hawa wanajua ni yeye aliyekosea. Nikarudia, tangu jokofu hadi kisu. Binti alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama baba yake alikuwa anaijua ile kazi. Nikamwambia aliijua. Alifungua mkono kwa wakati wake, na mimi nilimwona.

Asubuhi Mutua alikuwa amevaa koti. Alisema kati ya wale waliochanga wamebaki wanne, na kama magoti yangu yanaweza, twende. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Kila mlango tulikaribishwa chai, na kila mlango nilisema, Mutua akitafsiri kwa Kikamba. Mzee mmoja alinipa mkono. Wa pili aliutazama tu mkono wa Mutua. Wa tatu alisema hakumbuki hata alichanga nini, lakini anakumbuka kijana alivyosimama siku ile akiomba radhi.

Wa nne alikuwa mama mkongwe, rafiki wa mama yake, hasikii vizuri. Ilibidi Mutua amwambie mara mbili, kwa sauti, na majirani wakasikia. Yule mama alinitazama, akasema maneno machache. Nilimwuliza Mutua amesema nini.

"Anauliza ni kwa nini hukukuja mama akiwa hai."

Nikamwambia amwambie kwamba niliogopa.